Ukuta wa Upande Wangu wa Kitanda

Miaka yote tuliyoishi Kiganjo nililala upande wa ukutani. Mume wangu huendesha gari la mikate na huamka kabla ya jogoo wa mtu yeyote, kwa hivyo ilifaa alale upande wa nje, atoke bila kunikanyaga. Hatukupanga hivyo kwa sababu ya uandishi wangu. Uandishi ulikuja baadaye, ukaukuta ukuta uko pale, umetulia, hauna kazi.

Mimi hufuma sweta za shule. Nina mashine mbili kwenye kibanda kidogo mjini Thika, na mchana kutwa kazi yangu ni mikono, shingo na mistari ya rangi za shule za watu. Lakini pia huandika hadithi, na vitabu vyangu viwili vyembamba vya vijana vimeshachapishwa. Wateja wengi hawajui. Wanaojua huuliza kama sweta zitachelewa kwa sababu hiyo.

Shida yangu ni kwamba mawazo mazuri hayanijii nikiwa macho. Nikiwa macho hunijia mawazo ya uzi, ya stima kupotea, ya mzazi aliyeleta vipimo vya mtoto mwingine. Mazuri huja pale usingizi unapokuwa umeshika miguu lakini haujafika kichwani. Huja alfajiri, mume wangu akishauvuta mlango nyuma yake. Huja zaidi Jumapili alasiri, baada ya ibada, chapati na ndengu, ploti nzima ya wapangaji imenyamaza na hata watoto wa jirani wamechoka kupiga mpira kwenye mlango wetu. Hapo ndipo mtu wa hadithi yangu husema neno lililokuwa limenishinda wiki nzima, tena husema kwa urahisi, huku mimi nimefumba macho na mate yananitoka mdomoni.

Na mawazo hayo hayana subira hata kidogo. Niliweka daftari chini ya mto, lakini nikiinuka kutafuta ukurasa mtupu, wazo limekwenda. Nikajaribu simu. Niliifungua niandike neno moja, nikakuta ujumbe wa chama chetu cha akina mama kuhusu viti vya harusi, nikajibu, na nilipomaliza kujibu nilikuwa macho kabisa na mjinga kabisa. Nikajaribu kujirekodi sauti. Baadaye nilisikiliza mkoromo wa mume wangu, mrefu na wenye heshima zake, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikisema, "Mhm, ndiyo hiyo, ndiyo hiyo," bila kutaja hiyo ilikuwa ipi.

Ndipo nikafunga penseli kwa uzi wa sweta, nikaining'iniza kwenye msumari juu ya mto. Wazo likija, sikuinuka wala kufungua macho. Nilinyoosha mkono tu, nikaandika ukutani. Maandishi yalipanda mlima, yakashuka bonde, mengine yakalaliana. Lakini yalikaa. Nilikuwa na sharti moja tu: siyasomi mpaka ninywe chai. Maneno ya usingizini ukiyatazama mara tu unapoamka yanaonekana upuuzi, na unayatupa. Yape muda, unywe chai, uvae, kisha upige magoti kitandani uyasome taratibu. Yale ya maana niliyabeba kichwani hadi kibandani, nikawa nayageuza huku mashine inafuma, na jioni yakawa ukurasa.

Si kwamba yote yalikuwa dhahabu. Kulikuwa na siku niliyoandika, kwa herufi kubwa kabisa, "Sukari iko upande wa Gatundu," na hadi leo sijui ni sukari gani. Lakini pia niliwahi kuandika, "Mama mkwe asife. Apewe kazi." Maneno hayo yaliokoa sura tatu.

Mume wangu aliuona ukuta ukijaa, akauacha. Si msomaji. Hajawahi kufungua kitabu changu hata kimoja, na nilishazoea. Yeye akipewa kitabu hukishika kwa mikono miwili, hukigeuza akaangalia nyuma, husema "kazi safi," halafu hukiweka juu ya televisheni pahali pa heshima. Nilikuwa nikimtania kwamba angesoma haraka kama ningechapisha kwenye karatasi za mikate.

Wakati huo tulikuwa tumejenga vyumba vyetu viwili Ruiru, polepole, kama watu wanavyojenga. Kuku walihamia kabla yetu. Mume wangu aliwanunua Witeithie akawapeleka moja kwa moja, akawajengea banda kabla ya kumaliza jiko letu, na kila akimaliza kazi alipitia huko kuwapa chakula. Kilichobaki kilikuwa geti. Siku geti likisimama, tunahama.

Wakati huohuo nilikuwa na kitabu kisicho na mwisho. Kilikuwa cha watu wazima, cha kwanza cha aina hiyo kwangu, na kilinichukua miaka. Kinahusu dada wawili. Mdogo aliuza ng'ombe wa mama yao wakati mkubwa amelazwa hospitalini, na tangu hapo hawakusemezana. Mdogo akaishia kwenye chumba cha kupanga Kiandutu, akiuza ndizi kwa karai. Mkubwa akabaki na shamba, boma na hasira yake. Katika ukurasa wa mwisho mdogo anakuja, anasimama getini. Mkubwa anamwona. Anasema nini?

Hilo ndilo lililonishinda. Nilimfanya alie, ikawa uongo. Nikamfanya aombe msamaha, na mimi namjua, hawezi. Nikamfanya anukuu Biblia, nikajionea aibu mwenyewe. Mhariri wangu, mama mvumilivu ambaye hupiga simu badala ya kuandika, aliniambia kitabu ki tayari isipokuwa hapo, na kwamba asipopata mwisho kufikia Ijumaa ile, kitangoja mwaka mwingine. Sikutaka kingoje. Niliogopa kwamba nikikiacha mwaka mzima, wale dada wangenifia mikononi.

Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo mume wangu alibaki kanisani kwenye kikao cha wanaume. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikala, nikalala upande wangu. Na yule dada mkubwa akasema. Nakumbuka mambo mawili tu: yalikuwa maneno machache sana, na nilicheka. Nilicheka kwa sauti, usingizini, jinsi unavyocheka mtu anapokuambia kitu ulichokuwa nacho mkononi wakati wote. Nikanyoosha mkono, nikaandika, penseli ikaanguka, nikazama tena.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Alikuwa fundi wa geti.

"Mathe, tumefika hapa Ruiru na geti. Utakuja, ama tuiweke tu hapa nje twende?"

"Wee! Ngojeni hapo hapo," nikasema, nikaanza kutafuta viatu.

Je, niliutazama ukuta? Niliutazama, kwa jicho moja, huku nikifunga kitambaa kichwani. Niliona mistari miwili mipya iliyopinda. Lakini sikuwa nimekunywa chai, fundi alikuwa na haraka, na nilijiambia jambo ambalo bado linanichekesha: ukuta hauendi popote. Nikatoka nikiimba.

Geti lilisimamishwa Jumatatu asubuhi. Nililala huko Ruiru juu ya magunia, kwa sababu mtu alipaswa kulinda saruji na kuku. Mafundi walikuwa wazuri wa kazi lakini kila aliyetumwa dukani aliliacha geti wazi, na kuku wakaingia kwenye mahindi ya jirani ambaye hata sikuwa nimemsalimia bado. Nilimpigia mume wangu simu nikamlalamikia hadi salio likaisha. Yeye alikuwa akicheka tu, na nyuma yake nilisikia mkwaruzo, shwa, shwa, shwa. Sikuuliza ni nini.

Jioni niliporudi Kiganjo harufu ilinipokea tangu kwenye korido. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, kitanda kimesukumwa mlangoni, nywele zake zina matone ya rangi ya krimu, na uso wake una furaha ya mtoto aliyeosha vyombo bila kuambiwa.

Ni lazima nieleze kwamba kwenye ploti nyingi za Thika ukihama unaiacha nyumba imepakwa rangi, iwe kama ulivyoikuta. Keateka wetu, msimamizi wa ploti, alikuwa mkali juu ya hilo kuliko juu ya kitu kingine chochote. Mimi nilikuwa nimepanga tupake Ijumaa, nikishatuma kitabu. Mume wangu alikuwa amepanga kunifurahisha.

"Umeona?" akasema. "Nimepaka zote. Hata ile ya choo."

"Na hii ya kitanda?"

"Hiyo ndiyo nilianza nayo. Ilikuwa chafu zaidi."

Nilikaa juu ya debe tupu la rangi. "Na maandishi yangu?"

"Hayo ya penseli? Nimekusaidia, Mama. Ungesugua hiyo ukuta wiki mzima. Mimi nimepiga msasa kwanza, nikaziba shimo ya msumari, ndio nikapaka."

Msasa! Ndio ule mkwaruzo wa kwenye simu. Katika ndoa yetu nzima mume wangu amefunga rafu kwa kamba na mlango kwa kandambili, na siku hiyo moja akaamua kufanya kazi kwa utaratibu. Nilikasirika. Sitasema nilikasirika kidogo. Nilisema mambo kuhusu mikate, kuhusu kuku, kuhusu ukoo wao wote na tabia yake ya kusaidia pasipo kuombwa. Alisimama na brashi yake akinisikiliza, rangi ikidondoka kwenye kiatu.

"Ulisoma angalau?" nikamuuliza mwishowe. "Hayo ya chini, ya mwisho?"

"Nilikuwa napaka, sikuwa nasoma."

"Hata neno moja?"

Alifikiri kweli kweli, nikamwona akijitahidi. "Hapana," akasema. "Na hiyo mwandiko yako, Mama, hata daktari ataikataa."

Nilichukua tochi nikaumulika ukuta kwa pembeni, nikitafuta alama za penseli. Ukuta ulikuwa laini kama yai. Nilienda kulala bila kumsemesha, na nilipogeukia upande wangu rangi ilinishika kwenye pua.

Siku zilizofuata nilifanya kila mbinu. Jumatano nilimwomba apike chapati na ndengu, tukala kama Jumapili, nikavaa hata ile nguo ya kanisani, nikajilaza. Nikaota uzi wa kijani. Kibandani nilifuma sweta yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine na mzazi akaniuliza kama niko sawa. Niliandika miisho mipya, nikaifuta. Kila mmoja ulikuwa mrefu, na mimi nilijua kwamba ule wa kweli ulikuwa mfupi na ulichekesha.

Mume wangu aliona. Hakujua afanye nini, kwa hivyo aliendelea kufanya alichojua. Keateka alikuwa amepita akaona madoa, akataka koti ya pili ya rangi, na Alhamisi, alipotoka kazini, mume wangu akapaka tena. Nilimkuta akimalizia. Karibu kila kitu kilikuwa kwenye magunia na katoni, kitanda kimefunguliwa, godoro limewekwa chini, hatua moja kutoka ukutani. Aliosha mikono, akajitupa juu ya godoro na nguo zake za kazi. Mchana huwa analala, asipolala hawezi kuamkia mikate.

"Kuja ulale kidogo," akasema. "Umekonda."

"Nimekonda kwa sababu yako."

"Najua. Kuja tu."

Nikajilaza, si kwa kutii, ila kwa kuchoka. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya harufu. Nje mtu alikuwa akianika nguo na kupiga mluzi. Sikulala. Nilikuwa tu chali nikihesabu makosa ya mume wangu, na kando yangu pumzi zake zikaanza kuwa nzito, miguu ikashtuka mara moja kama yake inavyoshtuka kila siku. Alikuwa amefika pale, kwenye ule mlango ninaoujua mimi, usingizi miguuni lakini haujafika kichwani.

Akafungua mdomo, akasema, wazi kabisa na kwa uchovu, kama mtu anayezungumza na mtu wa kwake:

"Funga geti. Kuku watatoka."

Nilicheka. Kicheko kilekile, kilitoka kabla sijajua nacheka nini. Kisha nikaketi ghafla, kwa sababu nilimwona dada mkubwa kwenye boma lake, debe la mahindi mkononi, akimtazama mdogo wake aliyesimama getini, miaka yote hiyo ikiwa katikati yao. Hasemi karibu. Hasemi nimekusamehe, wala hamuulizi ng'ombe. Nani humwambia mgeni afunge geti?

Niandike wapi sasa? Daftari lilikuwa ndani ya katoni, katoni chini ya katoni zingine, simu kwenye chaji kwa jirani maana tokeni zetu za stima zilikuwa zimeisha. Lakini kwenye mfuko wa shati la mume wangu ilichungulia penseli yangu, bado ina kipande cha uzi wa bluu. Alipong'oa msumari hakuitupa. Alikuwa akitembea nayo siku zote hizo. Niliivuta polepole asiamke, nikapiga magoti, nikaandika ukutani kwenye rangi mbichi. Ilizama vizuri. Haikuhitaji hata kukandamizwa.

Aliamka akakuta nimekaa juu ya gunia la vyombo, simu niliyoifuata kwa jirani mkononi, naandika sura ya mwisho. Kisha akauona ukuta.

"Ngai! Mama! Na hiyo koti ya pili nimeweka saa hii tu!"

"Nitapaka mimi," nikamwambia. "Lala."

Alinitazama, akatazama ukuta, akasoma kwa kunong'ona. "Kuku gani sasa?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa amegeuka upande wa pili. Kitabu kilimfikia mhariri asubuhi ya Ijumaa. Alinipigia baadaye, akasema, "Sawa. Hapo ni sawa," na mimi nikalia kibandani mbele ya mteja. Kisha nikarudi nyumbani nikapaka koti ya tatu kwa mkono wangu. Mara hii nilipiga picha kwanza. Keateka alipitisha kiganja ukutani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Jumamosi tukahama.

Sasa tunaishi Ruiru. Ukuta wa hapa ni wetu na hakuna keateka, kwa hivyo penseli ina msumari wake tena, na mume wangu ndiye aliyeupigilia. Aliniuliza kwanza ningependa uwe wapi.

Kitabu kilipotoka nililetewa nakala chache. Nilimpa moja. Nilimngoja akiangalie nyuma, aseme "kazi safi," akiweke juu ya televisheni. Akakaa nacho kwenye kiti cha nje, jioni, kuku wakizunguka miguuni, akafungua ukurasa wa mwisho. Alisoma kidole kikiwa chini ya mstari. Nilijifanya napepeta mchele.

"Hii kitu niliisema mimi," akasema, kwani nilishamsimulia usingizi wake wa Alhamisi.

"Nilikuwa nimeiandika kabla yako. Jumapili ile, usingizini."

"Wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta gani?"

Shahidi wangu yuko Kiganjo chini ya koti tatu za rangi. Na ukweli ni kwamba sijui. Huenda aliyasoma maneno yangu bila kujua anasoma, brashi mkononi. Huenda alikuwa anaota tu geti hili na malalamiko yangu ya simu. Zamani ningetaka kujua. Siku hiyo nilimtazama akikaa na kitabu changu magotini, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba mchele ulimwagika.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alirudia mstari ule kwa kidole, akakunja uso.

"Huyo mdogo," akasema. "Aliifunga?"

"Aliifunga."

"Akiwa ndani, ama nje?"

"Ndani," nikamwambia.

"Basi ni sawa," akasema, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.